Dawa ya Kifua ya Bela

Yule mtu aliingia kliniki akimwongoza mbwa wake, na sikuelewa mara moja kwamba asiyeona alikuwa yeye.

Mkono wa kulia alishika fimbo nyeupe na kuigongesha kwenye kizingiti. Mkono wa kushoto alishika kamba, na nyuma ya kamba alikuja mbwa jike mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, kichwa chini, akisimama kila baada ya hatua chache kana kwamba sakafu yetu ilikuwa mlima. Mkanda wa kazi, ule wa ngozi wenye mpini mgumu ambao mbwa wa wasioona huvaa mgongoni, yule mtu alikuwa ameutundika begani kwake kama mkoba.

"Good morning," akasema kuelekea ukutani. Kisha akainama na kumnong'oneza mbwa, "Simama, mama. Tumefika."

"Karibu, baba," nikamjibu kwa Kiswahili. "Kiti kiko kushoto kwako."

Akageuza uso haraka. "We! Kiswahili hapa ndani? Dada, uko wa wapi?"

"Mama yangu ni wa Morogoro. Baba ni wa Soweto, walikutana Morogoro alipokuwa uhamishoni, enzi za ubaguzi wa rangi."

"Aa, Tanzania! Kiswahili ya radio." Akacheka kidogo, lakini mkono wake haukuondoka juu ya kichwa cha mbwa. "Basi utanivumilia na ya kwetu ya Uvira. Mimi ni Ruphin. Huyu ni Bela. Leo asubuhi nimemvalisha mkanda, ametoka mulango, amenifikisha kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, akalala chini. Bela halalaki kazini. Hata siku moja. Nikamvua, nikauliza watu njia. Eish, dada, Jules Street ni ndefu bila yeye."

Ilikuwa Juni, mwaka 2017, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uuguzi wa wanyama mwaka uliotangulia, na hii kliniki ndogo ya hisani kule Malvern ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Niliipenda kwa namna ambayo wenzangu walinicheka. Jioni nilipita kwenye saluni na maduka ya Jules Street, nikaingia kwenye makanisa ya Wakongo na Warundi, nikawaomba watu walete mbwa na paka wao Jumamosi wachanjwe bure. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa soda, na hawakuja. Arlène, msusi mmoja aliyezoea kunitania, aliniambia kinachosemwa mtaani: "Kwenu huko mbwa anaingia na kamba, inatoka kamba peke yake."

Kwa hiyo Ruphin alipokaa kwenye kiti chetu, na kuniambia kwamba yeye ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisa lililo nyuma ya soko la mitumba, nilijiambia jambo ambalo halikuwa la wakati ule: Bela akipona, watakuja.

Daktari Thabo alimpandisha mezani. Nilimfunua Bela mdomo, na ufizi wake, ambao ulipaswa kuwa wa waridi, ulikuwa mweupe kama karatasi. Mkojo alioutoa ulikuwa wa rangi ya kahawa. Alihema harakaharaka, lakini aliniruhusu nimguse popote, hata mahali palipouma, kwa subira ya mnyama aliyefundishwa kwamba mikono ya watu haina ubaya.

"Homa ya kupe," Thabo akasema. Mjini kwetu, mbwa wengi wenye ufizi mweupe na mkojo wa rangi ile huwa na homa ya kupe.

Nikamtafsiria Ruphin, kisha nikamuuliza maswali yetu ya kawaida. Kupe? Hajawahi kumpapasa akapata kupe. Sumu ya panya nyumbani? Hapana. Anakula nini?

Hapo alikawia. "Chakula ya shule ya mbwa," akasema. "Ile kavu ya mufuko. Walituambia asile kingine."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, dada."

Tukamlaza Bela kwenye blanketi na kumpa dawa ya homa ya kupe huku Thabo akiandaa damu ya kutazama kwa darubini. Nilimpigia simu mwalimu wa shule iliyomfundisha. Akasema gharama zote ni zao, tumtibu hapohapo, wala tusimsafirishe hali ikiwa mbaya. Ruphin aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akaniambia maisha yao huku amemshika Bela sikio.

Alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Presha ya macho ilimpofusha hapahapa Johannesburg, jicho moja, kisha la pili. Bado alishona, mapazia na foronya, mshono ulionyooka anaoweza kuufuata kwa vidole. Lakini kwa muda mrefu hakutoka nje. Kisha shule ya mbwa ikamkubali.

"Nilipomuleta nyumbani, bibi yangu wa ndoa, Célestine, alipanda juu ya kitanda," akasema. "Na viatu! 'Ruphin, ni mimi ao ni hii simba!' Kwetu mbwa analala inje, dada, mbwa ni wa kulinda. Mwezi muzima alikuwa anamwita 'ule mugeni.' Halafu siku moja nikasikia anaongea jikoni. Nikafikiri ni Arlène amekuja. Kumbe anamwambia Bela habari ya nyanya, bei imepanda."

Tulicheka wote wawili. Bela alisikia sauti yake ikicheka na kupigapiga mkia sakafuni.

Thabo akatoka maabara na kuniita kwa kichwa. Hakuona vijidudu vya homa ya kupe. Alikuwa ameona kitu kingine: chembe nyekundu za damu zimeharibika, zina vidoa pembeni, na nyingine zimeshapasuka. Damu ilikuwa inajimaliza yenyewe ndani ya mishipa.

"Amekula kitu," akasema. "Muulize tena."

Nilikuwa nageuka kwenda kumuuliza mlango ulipofunguka, akaingia mama mmoja mfupi, mwenye kitenge cha buluu na sweta la kiume juu yake, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Ruphin alinyanyuka kabla hajasema neno. Alizijua hatua zake.

"Célestine. Umefikaje?"

"Kwa miguu, utafikiri nimefikaje? Arlène ameniambia amekuona unapita na fimbo. Bela iko wapi?" Alipomwona, akapiga magoti pale pale, sufuria mkononi. "Bela, mama. Bela wangu. Nimekuletea bugali na ndagala. Hata leo asubuhi hakumaliza, binti. Tangu alipoanza kukohoa hali vizuri. Lakini hii atakula."

Alifungua taulo. Harufu ikajaa chumba: samaki wadogo wakavu, nyanya, na kitunguu kingi kilichokaangwa hadi kikawa cha dhahabu. Kisha akatoa chupa ya jemu kutoka mfuko wa sweta, na ndani yake maji mazito ya manjano.

"Na dawa yake ya kifua," akasema kwa fahari kidogo. "Kitunguu nimechemsha na asali. Hii baridi yenu na moshi ya makaa ilimuingia kifuani. Nampa asubuhi na jioni, kikombe nzima, anakunywa sawa mutoto. Kikohozi kimepona kabisa. Sasa imebaki tu huu ulegevu."

Nilimtazama Thabo. Hakuelewa maneno, lakini pua yake ilielewa. Kwa mbwa, kitunguu kibichi au kilichopikwa hupasua chembe za damu. Kidogo kwenye mchuzi kila siku kinamdhoofisha taratibu. Kikombe asubuhi na kikombe jioni haviishii kumdhoofisha; vinamuua.

Nikachukua sufuria. "Hatumpi chakula kwa sasa, mama," nikasema. "Kwa ajili ya dawa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaniachia, akabaki amemshika Bela mguu. Ruphin akapapasa fimbo yake. Kisha akasema, "Dada, nisindikize inje. Nataka hewa."

Nje, kwenye jua lisilo na joto, aliegemea ukuta. "Umenyamaza alipotoa ile chupa," akasema. "Nimesikia. Sema."

Nikamwambia yote, kama nilivyofundishwa, kwa maneno mepesi na ukweli wote. Niliamini wakati ule kwamba hakuna maumivu yasiyopunguzwa na kuelezwa vizuri.

"Mbwa anakufaka na kitunguu?" akauliza.

"Anaweza, baba. Watu wengi hawajui."

"Nilikudanganya. Chakula ya shule iko chini ya kitanda, mufuko mbili, hatujafungua. Célestine alisema, 'Anayefanya kazi sawa mutu ale mawe makavu sawa mufungwa?' Ningemkataza. Lakini dada..." Alivua kofia na kuishika kifuani. "Tulikuwa na mutoto. Ezekieli. Tulipokimbia vita, tukalala kando ya ziwa, mutoto akalia kiu. Célestine akampa maji ya ziwa. Kulikuwa kolera, kipindupindu. Akamzika yeye mwenyewe na mikono hii yake, mimi nilikuwa mbele na wengine. Tangu ile siku hapikaki kwa kupenda. Anapika ili tusife. Chumvi hakuna, moto unazimika, hajali. Alisema mkono wake ni mubaya. Miaka yote hiyo. Halafu Bela akakuja, na Bela alikuwa anakula kila kitu na kulamba sahani na kulamba mukono. Nikaanza kusikia anaimba jikoni. Ungemkataza, wewe?"

Nikaegemea ukuta kando yake.

"Niahidi," akasema. "Bela akipona ao asipopona. Célestine asijue ni chupa yake. Akijua, nimempoteza. Shule nitawaambia mimi, kwa kinywa changu. Wakinipa mbwa mwengine, nitasema ni sheria, chakula ya mufuko basi. Wengine utawafundisha habari ya kitunguu unavyotaka, mwaka ukipita. Lakini yeye asisikie kwako kwamba ni yeye. Hata akikuuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba ukweli ungemsaidia Célestine, kwamba angesamehewa. Nilitazama uso wake, macho yale yasiyonitazama, na nikaona kwamba alimjua mkewe na mimi simjui.

"Naahidi," nikasema.

Thabo alikwenda nyumbani kwake kumleta mbwa wake mwenyewe, dume kubwa la ulinzi, akamtoa damu naye akakubali akiwa amelazwa kichwa mapajani kwangu. Tukamwongezea Bela ile damu. Jioni ile ufizi wake ukapata rangi kidogo, akainua kichwa, akamlamba Célestine kidole. Célestine alipiga kelele ya furaha hadi paka waliokuwa kwenye vizimba wakatawanyika kwenye pembe. "Umeona? Umeona huyu mutoto?" Nilikwenda nyumbani Joubert Park nikiwa nimebanwa na abiria ndani ya teksi, zile daladala za Johannesburg, natabasamu peke yangu.

Kesho yake kabla ya mchana akaanza tena, na safari hii vibaya zaidi. Damu tuliyompa nayo ilikuwa inapasuka. Alipumua kwa tumbo. Macho yalikuwa ya manjano. Thabo alimpigia mwalimu wa shule, wakaongea muda mrefu, kisha akaniomba nimwambie Ruphin kwamba kilichobaki ni kumpumzisha kwa sindano.

Célestine alikuwa ameenda kumwomba mchungaji aje kuomba. Ruphin alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama Bela anaumia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna jingine lolote. Nikasema hapana.

"Basi nataka kumuaga vizuri," akasema, na akanyoosha mkono kuchukua mkanda wa kazi uliokuwa umetundikwa kwenye kiti, nadhani auweke kando. Kifungo cha chuma kikalia.

Bela aliposikia ule mlio akaanza kusimama.

Miguu ya mbele iliteleza kwenye blanketi. Akajivuta, akasukuma kichwa mbele kama alivyozoea ili avalishwe, na mkia ukatikisika mara moja. Nikamshika kifua nisimwachie aanguke. Ruphin alisikia kucha zake zikikwaruza sakafu na akaelewa. Aliuachia mkanda ukaanguka, akashuka chini, akamkumbatia shingo.

"Hapana, mama. Hapana. Tumefika nyumbani. Kazi imekwisha, lala. Lala, Bela, tumefika."

Akalala. Niliandaa sindano, Thabo akamchoma. Ruphin alikuwa bado anamwambia tumefika muda mrefu baada ya Bela kuacha kusikia.

Célestine aliingia na mchungaji wakati Thabo anatoa sindano mguuni. Alisimama mlangoni. Hakulia. Aliitazama sindano, akanitazama mimi, kisha akakaa chini pale pale mlangoni na kujifunika uso kwa kitenge.

Nilidhani watanichukia. Lakini Jumapili ile, Arlène aliniambia baadaye, Ruphin alisimama kanisani mbele ya kwaya na kusema kwamba wale watu wa kliniki walimpa mbwa wake damu ya mbwa wao, na mwenye mnyama ampeleke achanjwe. Na Jumamosi iliyofuata, nilipofungua geti asubuhi, nilikuta watu. Wamama wenye vitenge na makoti, mzee wa Bujumbura na mbwa wawili waliofungwa kwa waya wa simu, msichana aliyembeba paka ndani ya begi la shule. Arlène alikuwa wa kwanza, na mtoto wa mbwa mweusi ndani ya koti lake.

"Usishangae," akaniambia. "Nimekuja kuangalia kama kweli inatoka kamba peke yake."

Nilikuwa na furaha ambayo niliionea aibu, kwa sababu Bela alikuwa ametuletea watu wale. Nikapanga meza uani na boksi la chanjo juu yake. Thabo akaingia ndani kunawa mikono. Alijua kila kitu, na alikuwa ameniambia, nusu utani, "Mimi sijui Kiswahili. Utakachosema kwa Kiswahili ni chako."

Kisha watu wakasogea, wakaacha njia, na Célestine akapita katikati yao. Alikuwa amekonda kwa juma moja kama mtu aliyeumwa. Kitenge kilikuwa kile kile cha buluu.

"Binti," akasema, "nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ruphin nimemuuliza, ananificha. Nimeoana naye siku nyingi, najua akinificha. Sipiki tangu ile siku. Nikiwasha moto mikono inakataa." Aliniwekea mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kana kwamba nimchunguze. "Ilikuwa ni chakula yangu? Ilikuwa ile dawa?"

Kila mtu alikuwa anasikiliza. Kwenye ile foleni kulikuwa na watu waliokula kwake, waliomjua Ezekieli, waliolala naye kando ya lile ziwa.

"Hapana, mama," nikasema.

"Usinidanganye sawa Ruphin. Mbwa aliingia hapa kwa miguu yake. Hakufa bure. Ni nini basi?"

Nilikuwa na majibu mengi mepesi. Ningesema hatujui. Ningesema ni Mungu. Nilimtazama usoni na nikajua kwamba lolote kati ya hayo angelibeba hadi nyumbani, akalipekua jioni hadi asubuhi, na mwisho angeikuta chupa yake ndani. Alihitaji jibu lenye mtu wa kulaumu.

"Ni sisi, mama," nikasema. "Tulidhani ni homa ya kupe. Tukampa dawa ya kupe, na haikuwa kupe. Tulipogundua, tulikuwa tumechelewa."

"Na ile sindano?"

"Sindano niliiandaa mimi."

Alivuta pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetolewa majini. Mkono wake ukaondoka mezani. Aliangalia kiganja chake, akakifumba, na midomo yake ikasema neno la shukrani kwa Mungu ambalo halikunihusu. Kisha ghadhabu ikampanda, ghadhabu nzima, yenye afya.

"Ninyi!" akapaza sauti. "Ninyi ndio mumemuua! Mbwa wa watu, macho ya bwana yangu, mumemuchezea kwa kubahatisha! Musome, musome, halafu mubahatishe!" Na machozi ambayo hakuyatoa siku ile yakaja yote, kwa sauti, akijipiga kifua.

Arlène alinitazama. Hakukuwa na utani tena usoni mwake. Alimfungia mtoto wa mbwa ndani ya koti, akamkumbatia Célestine mabegani. "Lia, mama. Lia. Twende nyumbani kwako. Utuwashie moto, utupikie hata chai tu."

"Chai iko," Célestine akasema katikati ya kwikwi. "Na maandazi nitafanya."

Wakatoka. Mzee wa Bujumbura akawafuata na mbwa wake wawili, kisha yule msichana na begi lake, kisha wengine mmoja mmoja, bila kelele, wakikwepa macho yangu kwa adabu ile ile waliyonipa soda nayo. Geti likabaki wazi.

Thabo akachungulia kutoka ndani, mikono bado ina maji, akauliza kwa Kiingereza nani wa kwanza.

"Hakuna mtu," nikamjibu. Nikafunika boksi la chanjo lisipate jua, nikalirudisha kwenye friji.